Uko Upande Gani?

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia ujumbe kuhusu uchambuzi wangu wa Luck and Strange, albamu ya David Gilmour. Jina lake naliweka kando, maneno yake nayaleta kama alivyoyaandika: "Kaka, nimeisoma makala yako na bado sijui uko upande gani. Unasifia, unaponda, unasifia tena. Mimi nataka kuanza kuandika uchambuzi wa muziki. Sasa kama ninyi mliotangulia mnaogopa kusema, sisi tujifunze kwa nani?"

Nimeamua kumjibu hapa mbele za watu kwa sababu naamini wengi mnaopita hapa mna ndoto hiyohiyo. Mnataka siku moja mtu ainunue albamu au aiache kwa sababu ninyi mmesema. Hakuna aibu katika hilo. Hata mimi ndicho nilichokitaka, na kwa kiasi fulani nimekipata.

Kwanza kuhusu kuogopa. Mdogo wangu, sikuogopa. Kwa albamu hii hii nilinyimwa nafasi kwa kukataa kujiunga na kambi, na kisa hicho nitakieleza chote, maana bado kinanikereketa.

Kwa ambao hamfuatilii: Gilmour ni yule mpiga gita na mwimbaji wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza. Luck and Strange ilitoka tarehe 6 Septemba 2024, mwenyewe akiwa na miaka 78. Ilikuwa albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya tangu Rattle That Lock ya mwaka 2015, na Uingereza ilipanda moja kwa moja hadi namba moja. Katika mahojiano ya kuitangaza alisema anaiona kuwa kazi yake bora tangu 1973, yaani tangu The Dark Side of the Moon, albamu maarufu ya Pink Floyd. Ukitaka kuwagombanisha mashabiki wa Pink Floyd, hayo yanatosha.

Nao wakagombana kweli. Upande mmoja ukasema mzee amerudi na amewafundisha vijana adabu. Upande wa pili ukasema hii ni albamu ya kulalia: mwendo wa kobe, sauti imechakaa, mashairi ya mkewe Polly Samson hayatoki kwenye uzee na kifo, halafu binti yao Romany kapewa wimbo mzima aimbe, huo si upendeleo wa kifamilia? Na juu ya yote, solo, vile vipande ambavyo gita linatamba peke yake, ziko wapi? Mtu anamsubiri Gilmour miaka tisa halafu anapewa gita kwa kijiko.

Hapo kwenye solo ndipo mimi huinuka kwenye kiti. Kabla ya kuandika nilikuwa mpiga besi wa bendi. Ukipiga besi unajua jambo moja ambalo mashabiki hawalijui: watu hawasikilizi bendi, wanamsubiri mpiga gita afumbe macho. Ninyi wengine mnaujenga wimbo dakika nne, mnautandika kama kitanda, halafu mwenzenu anakuja kulala juu yake na kupigiwa makofi yote. Bendi yetu ilivunjika kwa mambo ya namna hiyo. Sitaingia huko, wahusika wapo na wanasoma. Nasema tu kwamba masikio yangu yalizoea kusikiliza chini ya gita, na nikaja kugundua kwamba hiyo ndiyo mali niliyotoka nayo.

Ndiyo maana kilichonivutia kwenye albamu hii kilikuwa jina la prodyuza. Gilmour hakumchukua mtu wa kundi lake la zamani. Alimchukua Charlie Andrew, anayejulikana zaidi kwa kazi zake na bendi ya alt-J, kijana asiyebeba hofu yoyote kuhusu historia ya Pink Floyd. Gilmour mwenyewe ameeleza kwa furaha jinsi huyo bwana alivyokuwa akiuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza kwa miaka mingi: hapa solo ni ya nini? Na kwa nini kila wimbo uishie kwa kufifia, mbona mwingine usikatike tu? Sasa fikiria. Mtu mwenye solo zinazoabudiwa dunia nzima anaulizwa solo ni ya nini, na badala ya kumfukuza anacheka na kusema sawa, tujaribu.

Ukishajua hilo, lile lalamiko la "solo ziko wapi" linabadilika sura. Hazikupotea, zilijadiliwa. Unaweza kusema walikosea kuzipunguza, na mimi nakubali kwamba kuna mahali walikosea. Lakini sasa unalo jambo la kubishania, zaidi ya manung'uniko.

Haya, kisa changu. Albamu ilipotoka, mhariri mmoja aliniomba uchambuzi. Alikuwa akinisoma muda mrefu, akanisifia, nikasifika. Nikaandika kwa moyo wote. Nilisema wimbo wenye jina la albamu ni mzuri kwa sababu ya marehemu Richard Wright, nilisema sauti ya binti imeuokoa upande wa pili wa albamu, nilisema kuna nyimbo kama Sings ambazo zinanipita kama mgeni asiyejua kubisha hodi, na nikasema mzee anatia chumvi anapoitaja 1973. Makala ikarudi ikiwa na sentensi moja ya mhariri: acha kuzunguka mbuyu, ni nzuri au ni mbaya, na nyota ngapi?

Nilimjibu kwa adabu kwamba jibu limo ndani. Akasema msomaji hana muda. Baada ya siku chache akachapisha makala ya mtu mwingine, imejaa "gwiji", "nguli" na "mfalme wa gita bado yuko kwenye kiti chake". Ndani yake hapakuwa na hata wimbo mmoja ulioelezwa unavyosikika. Ningeweza kuiandika ile makala bila kuisikiliza albamu, na mpaka leo nina shaka kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Nikaiweka yangu hapa. Ikasambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Watu wa kambi zote mbili waliituma kwa wenzao, kila mmoja akidai inamuunga mkono. Sisemi haya kujigamba. Au tuseme najigamba kidogo, nina haki.

Sasa ushauri, na kwa kweli ninao mmoja tu: chagua kipande kidogo, kijue mpaka uweze kukipiga mdomoni, kisha ukitetee au ukishambulie hicho. Usiichambue miaka hamsini ya mtu. Usichambue ndevu zake wala umri wake. Kipande kidogo.

Nikupe mfano kwa huo wimbo wenye jina la albamu. Chini ya sauti na gita kuna vinanda vya Richard Wright, mwenzake wa Pink Floyd, aliyefariki Septemba 2008. Alivirekodi mwaka 2007, kwenye banda lililo nyumbani kwa Gilmour, siku walipokuwa wanapigapiga tu bila wimbo wowote mbele yao. Miaka zaidi ya 15 baadaye Gilmour akachukua ile sauti na kuuzungushia wimbo. Matoleo mengine ya albamu yana nyongeza: yale mapigo ya bandani yenyewe, marefu, kama yalivyotoka siku ile.

Basi fanya kazi. Vaa hedifoni, sikiliza ya bandani kwanza, halafu wimbo wenyewe. Msikilize Wright peke yake. Hajazi nafasi. Anaweka kord, yaani noti kadhaa kwa pamoja, anaondoa mkono, anaacha gita lipite, anarudi na noti mbili za kuitikia, kama mtu anayesema "enhe" katika mazungumzo bila kumkata mwenzake. Kwenye wimbo uliokamilika Gilmour anaimba kwa sauti yenye mikwaruzo ya mtu wa miaka 78, na anayemwitikia ana umri uleule aliokuwa nao 2007. Mmoja amezeeka, mwingine hakupata nafasi hiyo. Sasa wewe uliyesema sauti imechakaa, ni kweli imechakaa. Andika hivyo. Lakini andika pia imechakaa ikiwa karibu na nini, maana pale ndipo wimbo wote ulipo.

Unaona? Hapo sikuwa upande wowote, na sikuogopa chochote.

Chukua na ule wa binti, Between Two Points. Si wimbo wao. Ni wa kundi la Uingereza liitwalo The Montgolfier Brothers, ulitoka 1999 na haukuwahi kuwa maarufu. Wanaolia upendeleo hawajauliza swali la maana: kwa nini baba hakuuimba mwenyewe? Mashairi yake ni ya mtu aliyekubali kushindwa mapema mno. Yakitoka kinywani mwa mzee tajiri aliyejaza viwanja, nani angeyaamini? Romany anayaimba bila kuyasukuma, bila mbwembwe, karibu kama anayesoma barua asiyotaka kuimaliza. Gita la baba linangoja hadi mwishoni. Likiingia linaingia kama mtu aliyekuwa mlangoni akisikiliza muda wote. Kwangu hiyo ndiyo solo bora ya albamu, na ni bora kwa sababu imecheleweshwa. Yule prodyuza na maswali yake, nampa mkono.

Wapo waliotaka wimbo ule uondolewe. Wana haki yao. Ila waliponiandikia, hakuna hata mmoja aliyetaja unavyosikika. Wote walitaja jina la ukoo.

Hili ni tatizo la zamani kwa waliotoka kwenye bendi kubwa. Watoto wa talaka hawamwangalii baba kama alivyo, wanamwangalia kwa hesabu kwamba mama hayupo. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wa bendi, aliondoka Pink Floyd mwaka 1985, na mashabiki bado wako mahakamani. Oktoba 2023, akiwa na miaka 80, Waters alitoa toleo lake jipya la The Dark Side of the Moon, amelirekodi upya bila wenzake. Akaondoa solo za gita, akaweka maneno ya kuzungumza kwa sauti nzito, hata pale ambapo mwaka 1973 mwimbaji Clare Torry alilia bila maneno. Vurugu ikawa kubwa kuliko ya Gilmour. Wa Gilmour wakacheka, wa Waters wakasema huu ndio ukomavu. Mwaka uliofuata zamu ikageuka, waliocheka wakachekwa, kwa sentensi zilezile. Nilizisoma zote. Ungebadilisha majina mawili tu, ungepata makala mpya.

Ndugu zangu, tuache. Mnaopenda kuandika, tuache kabisa kuandika hukumu za talaka. Hamkuwapo studio, hamkuwapo mahakamani, na wale wazee wawili hawasomi mnachoandika. Kuna mtu mmoja anayesoma: yule anayetaka kujua kama atoe dakika arobaini za jioni yake kwa albamu hii. Mwambie atasikia nini. Asipoambiwa hivyo na wewe, ameibiwa muda, na aliyemwibia ni wewe.

Najua mtaniletea Ram. Kila nikisema hivi mtu ananiletea Ram, albamu ya Paul na Linda McCartney ya 1971, kwamba wakosoaji waliiponda, jarida la Rolling Stone likiwa mstari wa mbele, na leo inasifiwa kama mojawapo ya kazi zake bora. Ni kweli. Walimsikiliza Paul huku wakiomboleza Beatles, bendi yake iliyokuwa imevunjika, wakaziba masikio kwa machozi. Lakini msiigeuze Ram kuwa ngao. Albamu nyingi zilizopondwa zilistahili kupondwa na zimekaa kimya tangu siku hiyo. Kupondwa hakujawahi kuwa cheti cha ubora, na huyo anayesema "mtaielewa baada ya miaka kumi" mara nyingi hana cha kusema leo.

Na kuhusu nyota, sitoi. Siku nikitoa nyota mjue nimekosa la kuandika.

Nirudi kwa swali lenyewe, kwa kuwa kijana alitaka jibu kavu na anastahili. Luck and Strange ina nyimbo tatu ambazo nitazisikiliza hadi nizeeke: wenye jina la albamu, Between Two Points, na Scattered, ule wa mwisho wa zaidi ya dakika saba, ambapo solo inaanza kwenye gita la kawaida lisilo la umeme kabla ya lile la umeme kulipokea. Sehemu ya katikati inalegea. Vipande viwili vifupi vya ala tupu ningeviacha kwenye kabati. Si bora tangu 1973. Hata kwa kazi zake za peke yake, On an Island ya 2006 naiona imeshikana zaidi. Kijana, huo ndio upande wangu, na ulikuwamo kwenye makala ya kwanza, aya ya nne kwenda mbele.

Atakayeandika uchambuzi wake wa Scattered na anitumie, nitausoma na kumrudishia na maoni. Uwe wa kurasa mbili, usizidi. Nataka unionyeshe gita la kwanza linamwachia la pili wapi hasa, na besi inafanya nini wakati huo. Nikikuta neno "gwiji" kwenye mstari wa kwanza, sitafika wa pili.