Mashua zikishindana, mimi muuza viazi napata nini?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, nauza viazi karai na juisi ya ukwaju jioni pale uwanja wa Mkunguni. Tamasha likikaribia wanaume wa nyumba hii huchangamka utadhani ni Idi, mara mashua mara punda mara kuogelea, na kila mtu asema mji unafaidika. Mwaka jana siku ya mashua nilikaanga sinia tatu nikarudi nyumbani na mbili, manake watu wote walikuwa wamejazana ufukweni na waliopewa nafasi ya meza huko ni watu wa kutoka nje ya kisiwa. Alafu kesho yake takataka ni zetu. Nambieni ukweli, hiyo faida yaenda wapi?

JIBU: Waalaykum salaam mamangu. Pole kwa hizo sinia mbili, natumai watoto walizila.

Faida ipo ila haipiti kila mlango. Mwanzo inapita kabla ya mashindano yenyewe na hiyo watu hawaioni kwa sababu hakuna ngoma wala spika. Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, wiki mbili kabla uone, mashua zimepandishwa zinatiwa kalafati (pamba ya kuziba nyufa) na rangi, tanga linashonwa upya, nahodha anatafuta kamba na mabaharia, na fundi anayelipwa hapo ni wa hapahapa Amu, ile pesa jioni inanunua samaki na unga kwa jirani. Hiyo ndo pesa tamu. Mgeni anaekuja kutizama yeye anashukia uwanja wa ndege wa Manda, anavuka na boti, analala gesti, na ikiwa ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, mwezi wa disemba gesti nyingi zingejaa hata bila mashua kushindana! Kwa hivo mtu akikwambia "wageni wamejaa kwa sababu ya mashindano" muulize kwanza ni mwezi gani. Mashindano yanayoleta riziki mpya ni yale ya wakati wa kusi, upepo wa kusini, msimu mji umelala, ila shida wakati huo bahari imechafuka, mashua ni hatari, labda punda, bao na mpira.

Pili, mashindano mazuri ni yale yanayofanya kazi mwaka mzima, na mfano tunao hapahapa. Hospitali ya punda iko Amu tangu 1987, matibabu bure, na wana mashindano yao ya punda aliyetunzwa vizuri, sio anayekimbia mbio. Mwenye punda akitaka zawadi hawezi kumlisha siku tatu tu akamleta, kidonda cha mgongoni kinaonekana, mbavu zinaonekana. Mji huu hauna magari vichochoroni, mchanga na mawe na mitungi ya gesi yote yabebwa na punda, sasa punda mzima ni faida ya kila nyumba hata ya asiyejua mashindano yalikuwa lini. Mbio za punda nazipenda sana, nilishawahi kupoteza ndara yangu nikiwakimbia, lakini zikiisha zimeisha.

Sasa kuhusu meza yako. Hapo mamangu mimi siwezi kukutetea kwa maneno matamu, ulionewa. Kamati inapogawa nafasi za ufukweni wenye mji ndo wa kwanza, alafu zikibaki nafasi waingie wengine. Usiende peke yako kulalamika, kusanya wamama watano sita mnaouza Mkunguni, mwende kabla kamati haijakaa, sio siku ya tamasha ambapo kila mtu ana beji shingoni na hakuna anaesikia. Ombeni vitu viwili: meza za ufukweni, na vijana wa mtaa walipwe kuokota takataka jioni ileile. Na waulize hesabu, ya mchango uliopatikana na zawadi zilizotoka, wala si utovu wa adabu. Na kama meza hawatoi basi usikae Mkunguni kungoja watu, beba sinia uzifuate mashua, watu wa kutizama bahari masaa manne wana njaa kweli.

SWALI: Salaam. Sisi vijana wa mtaa mmoja wa Shela tuna kombe letu la mpira, timu nane, mchango ni kidogo. Tununue kikombe kikubwa ama tutoe pesa taslimu? Tumegawanyika vibaya sana mpaka wengine wamesusa.

JIBU: Kikombe kitakaa juu ya kabati la kapteni kikishika vumbi, na pesa taslimu itawagombanisha zaidi ya mlivyogombana sasa. Nunueni mbuzi kwa mfugaji wa karibu, muwape wamama wa hapo Shela wapike, na timu zote nane zile pamoja, hata iliyofungwa sita bila. Waliosusa watarudi wakisikia harufu ya pilau.