Kukata dayodi na kufunga busta hakuvushi mawimbi juu ya mlima

SWALI: Nimenunua transiva (redio inayotuma na kupokea) ya redio za ridhaa, zile za watu wanaozungumza kwa kujifurahisha na kujifunza, iliyotumika, ya wati 100, inayotuma katika bendi za mawimbi mafupi hadi ile ya mita 10. Ningependa kuzungumza na kaka yangu aliyeko Tarakea, ambaye ana redio ya CB (redio ndogo ya mazungumzo ya raia, ya MHz 27) ya wati 4, na pia kusikiliza stesheni za mbali. Fundi mmoja hapa mjini ananishauri akate dayodi, kipande kidogo cha elektroniki kwenye bodi, ili redio ifunguke masafa ya CB, na anasema ikishafunguka hata kupokea kutaongezeka. Baada ya hapo nifunge busta (kikuza nguvu ya kutuma) ya wati 300, kwa sababu bila hiyo sitavuka Mlima Kilimanjaro. Antena haina tatizo, maana mita ya SWR, inayopima nguvu inayorudi redioni badala ya kupokewa na antena, inasoma 1.2. Je, nifuate ushauri huo? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, usimruhusu fundi huyo afungue mfuniko wa transiva yako. Swali kama lako huletwa mezani kwangu hapa Arusha mara kwa mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo fundi aliyetaja bei kabla hajauliza antena imefungwa wapi na huyo unayetaka kuzungumza naye yuko upande gani wa mlima.

Hilo la kupokea si kweli. Transiva za mawimbi mafupi za aina yako hupokea mfululizo, kuanzia chini ya MHz 1 hadi MHz 30, tangu zinapotoka kiwandani. Kufuli limewekwa kwenye kutuma peke yake. Dayodi anayotaka kuikata huiambia prosesa ni bendi zipi zinaruhusiwa kutumiwa, na kuiondoa hakugusi saketi ya kupokea hata kidogo. Ikiwa jioni huzipati stesheni za mita 31 au mita 25, tafuta kelele zilizomo nyumbani kwako kwanza: zima swichi kuu, washa redio kwa betri ya gari, kisha sikiliza tena. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu na inveta za sola huharibu usikivu kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nije kwenye jambo linalonisikitisha zaidi, yaani imani kwamba wati ndizo zinazonunua umbali. Nguvu ya mawimbi yanayopokelewa hupimwa kwa hatua za S, na kila hatua moja ni desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), maana yake ni kwamba ili kaka yako aone sindano ya mita yake ikipanda hatua moja tu, wewe unapaswa kuzidisha nguvu mara nne. Kutoka wati 100 kwenda wati 300 ni chini ya desibeli 5, hivyo busta yote hiyo, pamoja na umeme itakaoula na joto itakalotoa, haifikishi hata hatua moja. Hesabu ya CB ni mbaya zaidi. Watumiaji wengi wa CB huzungumza kwa AM, na kwa AM transiva ya wati 100 hutoa wimbi beba (wimbi linalobeba sauti) la takriban wati 25 tu. Ukilinganisha na wati 4 za redio halisi ya CB, umejiongezea desibeli 8, yaani hatua moja na kitu, na kwa faida hiyo ndogo umeharibu mashine nzuri. Wapo pia mafundi wanaopandisha kirekebishi cha nguvu kilichomo ndani ili redio ya wati 100 itoe wati 130. Hiyo ni desibeli moja na ushei, ambayo sikio la msikilizaji halitaitambua, lakini transista za mwisho zitaitambua siku zitakapoungua.

Kisha upo mlima wenyewe. Mstari ulionyooka kutoka Moshi hadi Tarakea hauna hata kilometa 60, lakini unapita ubavuni mwa Mawenzi, kilele cha mashariki cha Kilimanjaro. Mawimbi ya MHz 27 yanayokwenda juu ya ardhi hupoteza makumi ya desibeli yanapokutana na kizuizi cha namna hiyo, na busta ya desibeli 5 haina la kufanya hapo. Yale yanayopanda angani, ionosfia (tabaka la juu la angahewa) inapokuwa tayari kuyarudisha, kwa kawaida hutua zaidi ya kilometa elfu moja mbali. Ndiyo maana mtu wa Moshi aweza kumsikia Mwitaliano mwenye wati 4 saa nane mchana, jua likiwa na shughuli nyingi kama ilivyokuwa mwaka 2024, na asimsikie ndugu yake aliyeko Rombo. Watu husikia sauti hiyo ya Ulaya, wakasema redio ile ina nguvu sana, na hapo ndipo wauza busta wanapopata mteja.

Kuhusu SWR yako ya 1.2, nakusihi usiichukue kama cheti cha ubora wa antena. Mzigo bandia wa omu 50, ule tunaotumia mezani kupima redio bila kurusha chochote hewani, husoma 1.0, nao haufikishi sauti hata chumba cha pili. Kebo ya koaksia, ile inayounganisha redio na antena, iliyoingia maji husoma vizuri vilevile, kwa sababu inakula nguvu inayokwenda na inayorudi. Na kama unatumia kirekebishi cha antena kilichomo ndani ya transiva, namba unayoiona ni ya kuiridhisha transiva tu. Upotevu kwenye kebo na kasoro ya waya ulioko juu zimebaki palepale. Kipimo hicho kinakuambia redio haitaumia, basi. Hakikuambii mawimbi yanakwenda wapi.

Tarakea inafikika, lakini kwa njia nyingine. Mchana tumia bendi ya mita 40, kati ya MHz 7.0 na 7.2 kwa eneo letu la kimataifa, kwa antena ya daipoli (waya unaolishwa katikati) yenye urefu wa takriban mita 20 iliyofungwa chini, mita 4 hadi 6 tu kutoka ardhini, kati ya miti miwili ya shambani. Antena ya chini namna hiyo huelekeza mawimbi karibu wima. Ionosfia huyarudisha kama mvua, yakatua pande zote za mlima kwa mamia ya kilometa. Wati 50 zinatosha, na mara nyingi hata 20. Kaka yako naye atahitaji redio ya mawimbi mafupi, maana CB yake haifiki MHz 7, na nyote wawili mtahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Mkishapewa alama zenu za wito zinazoanza na 5H, mtazungumza kwa uhuru habari za nyumbani na za ufundi. Biashara haimo, kwa kuwa redio za ridhaa kwa kanuni za kimataifa hazitumiki kwa faida ya fedha. Bei ya mahindi pigianeni simu.

Ukitaka CB kwa ajili ya wenzako wa tambarare, upande wa TPC na Kahe, uliza TCRA masharti yake, kisha nunua redio ya CB iliyothibitishwa. Leseni ya redio za ridhaa haikupi haki yoyote kwenye MHz 27. Antena ya robo wimbi ya karibu mita 2.7, iliyosimama juu ya paa mahali peupe na kulishwa kwa kebo fupi ya omu 50, itakufanyia kazi kuliko busta yoyote.

Na busta hizo zinanitia hofu. Transiva yako ina vichujio vya ndani vinavyozuia harmoniki, yaani mawimbi ya ziada yanayotokea kwenye masafa yako mara mbili, mara tatu na kuendelea, lakini busta nyingi za CB zinazouzwa kwa bei ya kutupa hazina kichujio kabisa. Piga hesabu mwenyewe: chaneli 19 ni MHz 27.185. Mara nne ni MHz 108.74, ndani ya masafa ya vifaa vinavyoongoza ndege kutua. Mara tano ni MHz 135.925, ambako marubani huzungumza na waongozaji wao. Uwanja wa ndege wa KIA uko kati ya Moshi na Arusha, na wewe unataka kuwasha mtambo huo jirani yake. Transiva iliyofunguliwa nayo, kitasa kikiteleza, hutuma popote, yakiwemo masafa ya mawimbi mafupi yanayotumiwa na ndege zinazovuka bara letu. Anayekuuzia huduma hiyo kwa maneno “itafika mbali” hakutajii hata moja kati ya hayo, na TCRA watakapokuja hawatamtafuta yeye.

Kwa wengine wanaotafuta transiva zilizotumika: kabla ya kulipa, unganisha redio na mzigo bandia wa omu 50 wala si antena, weka MHz 27.2 kwa FM, punguza nguvu hadi chini kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kutuma kwa sekunde moja. Ikikataa, kufuli bado lipo. Ikitoa wati, imekwisha kukatwa. Omba ifunguliwe mbele yako uangalie alama za kulehemu kwenye bodi, na mwenye nayo akikataa kuifungua, mrudishie redio yake.