Ukipangwa na mzee anayekaribia kustaafu

Wapima ardhi mnaoanza kazi halmashauri, wengine mtapangwa timu moja na mzee wa miaka 57 au 58. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifika 55 na kwa lazima akifika 60, kwa hiyo mna miaka miwili mitatu ya kuwa pamoja. Anza kumfaidi mapema, kabla hajaanza kuhesabu siku.

Wewe unakuja na GPS inayosoma pointi kwa sekunde. Sawa. Lakini utafika kwenye kona ya kiwanja, ramani inaonyesha bikoni, yaani alama ya zege ya mpaka, chini hamna kitu. Kifaa kinakuambia inapotakiwa kuwepo. Mzee ndiye anayejua kwamba barabara ilipopanuliwa bikoni ilifukiwa na kifusi, au kwamba ile iliyo kando ya mwembe iliwahi kuhamishwa na jirani mwenye tamaa. Atamwambia kibarua achimbe hapa, asogee kidogo, mpaka sururu igonge zege. Muda huo usikae kivulini na simu. Muulize amejuaje, andika kwenye daftari la fildi, chukua koordineti hapo hapo. Hayo huyakuti kwenye faili lolote.

Usimgeuze mlinzi wa vifaa. Nimeona vijana wanamwacha mzee garini, eti kompyuta hazipandi. Huyo alifunga hesabu za mzunguko wa vipimo kwa mkono, akitumia teodolaiti, kile kifaa cha kupimia pembe. Hesabu si tatizo lake. Mara nyingi kinachomsumbua ni macho tu. Kuza maandishi kwenye skrini, mausi abaki nayo yeye, wewe elekeza kwa mdomo, tena si mbele ya wateja. Shikamoo ya asubuhi haifuti kumkata kauli mchana.

Fildi nendeni saa moja asubuhi, jua likikali rudini kwenye michoro. Hata wewe itakufaa.

Wapo wazee wagumu, wenye michoro iliyofungiwa kabatini. Usibishane naye, mwombe mkuu wa idara apange makabidhiano ya maandishi mapema, si wiki ya kuagana.

La pembeni: mwombe akuonyeshe mfuko wake wa nyaraka za PSSSF, wanaolipa pensheni za watumishi wa umma. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda cheo. Jina likipishana herufi moja tu, mafao yanaweza kukwama miezi. Ukitoka hapo kagua za kwako na utoe nakala.