Ripoti imesema metaplasia, je ndo kansa?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 46, mwezi uliopita nilitolewa mfuko wa nyongo sababu ya mawe. Niliteseka miaka, nikila tu vitu vya mafuta basi usiku maumivu yananishika chini ya mbavu za kulia yanapanda mpaka begani. Oparesheni imeenda vizuri, ila juzi nimepewa majibu ya maabara yameandikwa kolesistaitisi sugu yenye mawe, metaplasia ya piloriki, sinasi za Rokitansky-Aschoff, hakuna displasia. Nimeingia gugo kila nikisoma metaplasia nakutana na kansa. Daktari kaniambia "majibu mazuri" halafu akaita mgonjwa mwingine. Silali dokta, nieleweshe.

JIBU: Marahaba mama, pole kwa oparesheni na pole zaidi kwa gugo. Ripoti za namna hii zisome kuanzia mwisho. Yale maneno mawili ya mwisho, "hakuna displasia", ndo daktari wako aliyatafuta kwanza, akayaona, akatulia. Kosa lake ni kutokaa na wewe dakika tano akueleze, na hilo sitamtetea.

Sasa twende ndani ya mfuko wenyewe. Ni kamfuko ka sentimita 7 hadi 10 kanakoning'inia chini ya ini, kanabeba nyongo mililita 30 mpaka 50 hivi na kuikoleza, ukila mafuta kanajikamua. Kwa ndani umetandikwa safu moja tu ya seli, moja! Jiwe likikaa humo linasugua, siku nyingine linaenda kuziba mdomo wa mfuko, mfuko unajikamua nyongo haitoki, presha inapanda, ndo yale maumivu yako ya usiku, halafu jiwe linachomoka pale mdomoni unapata nafuu, wiki mbili mbele linarudi tena. Fanya hivyo miaka mingi uone kama ukuta utabaki ulivyokuwa. Misuli inanenepa kwa kusukuma kitu kisichotoka, makovu yanajaa (huo uvimbe wa muda mrefu wa mfuko ndo kolesistaitisi sugu), na ule utando wa ndani unasukumwa na presha mpaka unadidimia katikati ya misuli kama vijishimo. Hivyo vijishimo ndo sinasi za Rokitansky-Aschoff, ni majina ya wanapatholojia wawili wa zamani walioviandikia, sio jina la ugonjwa, kwa hiyo huo mstari uruke.

Vijishimo hivyo vina vituko vyake lakini. Kimoja kikipasuka, nyongo inavuja ndani ya ukuta, seli za kinga zinakuja kuila mpaka zinavimba kwa mafuta, ukuta unakuwa mnene na wa manjano, umegandamana na ini. Hata daktari bingwa wa upasuaji akifungua tumbo akaukuta hivyo anaweza kuapa ni kansa, kumbe ni uvimbe wa nyongo tu. Ni darubini ndo inayoamua. Ndo maana mimi naona mfuko wa nyongo usitupwe bila kupelekwa maabara, kwa sababu na kinyume chake kipo, mara chache sana, kwa kawaida haifiki hata mgonjwa 1 kati ya 100, kansa inakutwa kwenye mfuko uliotolewa kwa ajili ya mawe tu.

Metaplasia sasa. Mkono unaoshika jembe kila siku unaota sugu, na ngozi ile ni yako ileile imejibadilisha ili ivumilie. Seli zako zimefanya hivyohivyo, zimeacha sura ya kwao zimechukua sura ya seli za sehemu ya chini ya tumbo la chakula, ambazo zinatoa ute mwingi wa kujikinga. Hiyo ndo aina ya piloriki, na kwenye mifuko iliyokaa na mawe muda mrefu tunaikuta sana. Ipo na aina ya utumbo, hiyo inaonekana mara chache zaidi na mwanapatholojia akiiona huwa anakata vipande vya ziada aangalie vizuri. Displasia ni habari nyingine kabisa: seli zimepoteza mpangilio, viini vimekuwa vikubwa na vyeusi, zinapandana. Hapo ndo njia ya kansa inaanzia, na hata hapo ni mwendo wa miaka sio miezi.

Ingekuwa imeandikwa displasia ningekwambia uulize kitu kimoja: je, pale mrija wa mfuko ulipokatwa pako safi? Kwako halipo hilo, na mfuko wenyewe haupo tena. Hakuna kipimo cha kurudia. Lala mama.

SWALI: Dokta, nina jiwe moja la milimita 8, haliniumi kabisa. Ultrasaundi imesema ukuta wa mfuko una milimita 4, umenenepa. Nilikuwa nimeshakula lakini. Rafiki yangu anasema ninywe mafuta ya zeituni na limao yatalitoa.

JIBU: Ulikula! Mfuko ukishajikamua ukuta wake unaonekana mnene hata kama ni mzima. Rudia kipimo ukiwa hujala masaa 6 hadi 8, kawaida ukuta hautakiwi kuzidi milimita 3. Ukibaki mnene, sio lazima iwe nyongo, ini na moyo navyo vinaweza kuuvimbisha. Jiwe lisilouma huwa tunaliacha, wengi wanaishi nalo mpaka uzeeni. Tunaofikiria kuwapasua bila maumivu ni wenye jiwe la kuzidi sentimita 3, au polipi, yaani kinyama kilichoota ndani ya mfuko, iliyofika sentimita 1, au ukuta ulioanza kujaa chokaa.

Mafuta na limao achana nayo. Zile bonge za kijani watu wanazopiga picha chooni wakishangilia ni mafuta yaleyale yameganda kuwa kama sabuni tumboni, jiwe liko palepale. Ila siku ukipata maumivu ya kuume yasiyoachia kwa masaa, au homa na macho ya njano, usingoje kesho, nenda hospitali.