Kabla ya Kwenda Makumbusho ya Kalenga

Mara ya kwanza nilipoingia Makumbusho ya Mkwawa, katika kijiji cha Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, sikumaliza hata robo saa. Nilitazama mikuki, ngao na lile fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililomo kwenye sanduku la kioo, nikapiga picha, nikatoka nikiisikitikia nauli yangu, kwa kuwa chumba ni kidogo na vitu ni vichache. Kosa lilikuwa langu, kwani sikumuuliza mwongoza wageni hata swali moja.

Safari ya pili nilikwenda nikiwa nimesoma. Nilijua kwamba Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Kwamba ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga mwaka 1894. Na kwamba Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Nilipouliza habari za fuvu, mazungumzo yalichukua saa mbili. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi 6, lakini halikurudi Kalenga hadi Juni 1954, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Njia hiyo inaacha shaka, nami naona ni halali kabisa mgeni kuliulizia jambo hilo, mradi aulize kwa adabu.

Adabu hiyo ianzie mlangoni. Kilichomo kwenye kioo ni mabaki ya marehemu, na huenda anayekupokea anamhesabu marehemu huyo kuwa babu yake. Kwa hiyo msalimie kwa “Kamwene”, salamu ya Kihehe, na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu yako.

Ukipata nafasi, tangulia kwanza kwenye makumbusho ya Boma pale Iringa mjini, ambayo yatakupa picha ya mkoa mzima. Kisha, ikiwa unarejea Dar es Salaam kwa gari lako mwenyewe, simama Lugalo, ambako kando ya barabara kuna mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa katika vita vile.