Jibu: Kukatwa dhamana kwa mkwaruzo usiousababisha
Ndugu yangu, unasema umekatwa shilingi 400,000 kwenye dhamana yako kwa mkwaruzo wa mlangoni, siku tatu baada ya kulirudisha gari ulilokodi Mikocheni, Dar es Salaam. Usisaini chochote kwa sasa. Waandikie barua waliokukodishia gari, maana maneno ya simu hukanushika, ukidai nakala ya fomu ya makabidhiano, picha zenye tarehe na saa, pamoja na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ya gereji iliyolitengeneza, kwa kuwa makadirio ya fundi hayathibitishi kwamba fedha imetumika. Mimi niliokolewa na picha moja niliyoipiga getini wakati wa kulichukua gari, iliyoonyesha mkwaruzo uleule ukiwa tayari umeshika kutu. Wakikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ya Tanzania (FCC), inayomlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.