Stendibai ya Dakika Tisini

Simu iliita nikiwa kwa kinyozi, Tabata, saa nane na dakika ishirini mchana. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa, wa kushoto bado. Dada wa rosta, anayetupangia marubani ratiba ya kazi, akasema, "Kaka, pole, kuna Mwanza ya jioni. Ripoti saa kumi." Kinyozi alimaliza kwa dakika nne, na ilionekana. Nilivaa kofia ya sare mpaka ndani ya chumba cha rubani, jambo ambalo siku hizi hakuna anayelifanya.

Kapteni alicheka sana. Wakati wa kurudi hakucheka. Tulikuwa tunashuka kuingia Dar, inakaribia saa tano usiku, na mimi kwenye orodha ya ukaguzi nikasoma mstari uleule mara mbili bila kujua. Akanitazama. "Kijana, umeamka saa ngapi leo?"

Niliamka saa tisa na nusu usiku. Stendibai yangu, yaani zamu ya kukaa tayari kusubiri kuitwa kazini, ilianza saa kumi alfajiri.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Nilipoanza kazi tulikuwa na stendibai za aina mbili. Ya kwanza ndefu: ukipangiwa safari unaambiwa muda wa saa kumi na mbili kabla. Ya pili fupi: ukipigiwa, ndani ya dakika tisini uwe umeripoti. Kisha ikatoka rosta mpya. Ndefu ikafutwa, zote zikawa fupi, na dirisha la kuitwa likawekwa kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni. Idadi ya siku za stendibai haikubadilika hata moja, na ndiyo maana kwenye kikao tuliambiwa hakuna kilichobadilika. Hata kampuni siilaumu sana kwa kuibana rosta, maana marubani tulikuwa wachache. Ninachokilaumu ni hilo neno, kwamba hakuna kilichobadilika.

Ukiwa na taarifa ya saa kumi na mbili, siku ni yako mpaka simu iite. Ukiwa na dakika tisini, siku ni ya simu. Huwezi kwenda msibani Mbagala, huwezi kumpeleka mtoto kliniki ukaingia foleni ya namba, na kikao cha harusi utahudhuria ukiwa umekaa karibu na mlango. Mwezi wa kwanza wa rosta mpya niliitwa mara tatu tu. Siku nyingine zote nilikaa nyumbani na shati jeupe limepigwa pasi, nikimkaripia kila anayechaji simu yake kwenye soketi yangu. Mama watoto aliniambia wazi kwamba afadhali niwe safarini, kuliko kuwepo namna hii. Na kwa kuwa kwetu posho inafuata saa za angani, kukaa huko karibu na simu hakulipwi chochote.

Kwa hiyo rubani mwenzangu, hasa wewe unayeanza, rosta ikibadilishwa usikimbilie kuhesabu siku za mapumziko. Uliza maswali mawili. Napewa taarifa muda gani kabla? Na saa za kazi zinaanza kuhesabiwa lini, stendibai inapoanza au ninaporipoti? La pili ndilo lenye sumu. Kwa mwongozo wetu wa wakati ule hesabu ilianza kwenye kuripoti, hivyo kwenye karatasi safari yangu ya Mwanza ilikuwa kazi ya saa saba, nyepesi kabisa. Kwa mwili wangu ilikuwa siku ya saa karibu ishirini.

Nilipoanza kulisoma jambo hili nikakuta wenzetu walishalihesabu. Kwa kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014, stendibai fupi haizidi saa 14, na kwa safari isiyo na rubani wa ziada wa kupokezana angani, stendibai pamoja na kazi yenyewe kwa kawaida havizidi saa 16 tangu stendibai ianze. Kwa hesabu hiyo mimi ningetakiwa niwe nimemaliza kazi ifikapo saa mbili usiku. Ukikalishwa stendibai uwanjani, kule ni kazi tangu dakika unayoripoti. Ulaya, stendibai ya nyumbani inaweza kufika saa 16, lakini robo yake huingizwa kwenye saa za kazi, na upangaji unatakiwa usimfikishe rubani zaidi ya saa 18 akiwa macho. Nilipeleka hoja hizi kikaoni zikiwa zimechapwa. Ndugu, nenda na namba. Ukienda na "tunachoka sana" utajibiwa kwamba kila mtu anachoka.

Zile kanuni za Marekani zilisukumwa na msiba. Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air, Q400 ya mapangaboi kama zinazoruka humu kwetu, ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Wachunguzi walisema chanzo ni namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kukaribia kupoteza mnyanyuko. Kuhusu uchovu walisema huenda uliwaathiri marubani wote wawili, ila hawakuweza kupima ulichangia kiasi gani. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi, uwanja wa Newark.

Hapo kwenye kulala ndipo palinigusa, kwa sababu mimi naishi Bunju, ninakojenga, mbali na uwanja. Kutoka Bunju mpaka uwanja wa ndege kwa dakika tisini kunawezekana Jumapili asubuhi. Siku ya kazi, mvua ikinyesha, usijidanganye. Nilikataa kulikubali hilo kwa miezi miwili, mara mbili nikaripoti nimechelewa, ndipo tukakodi chumba Kipawa, jirani na uwanja, watatu, tukigawana kodi. Kama stendibai zako ni fupi, chumba cha namna hiyo kiingize kwenye bajeti mapema, kabla ya matofali. Weka pazia zito na feni.

Usingizi nao ujifunze upya. Kosa langu siku ile ya Mwanza lilikuwa kuamka na kengele saa tisa na nusu, nikaoga, nikakaa kusubiri kama askari wa lindo. Siku hizi simu iko kichwani mwa kitanda kwa sauti ya juu, na mimi nalala mpaka iite au jua liniamshe. Ikifika saa sita mchana haijaita, narudi kitandani kwa muda wa saa moja na nusu, hata kama kuna wageni. Watasema baba fulani ana maringo. Chai ya rangi naisimamisha mapema asubuhi, kahawa sigusi kabisa kabla ya kuitwa.

Na ukiitwa hujalala, sema. Sema hivi: "Nimekuwa macho tangu saa fulani, kwa saa ya kutua nitakuwa na saa kadhaa macho, siwezi kuruka salama." Andika saa uliyopigiwa na ulichojibu. Mara ya kwanza nilitetemeka, nikatarajia barua. Nilipewa kimya cha wiki nzima, kisha dada wa rosta akaanza kuniuliza mwenyewe, kabla ya kunipangia, kama nimepumzika.

Baada ya miezi saba ya vikao tukidai turudishiwe nusu ya stendibai ndefu, tukarudishiwa theluthi. Dirisha la alfajiri likakatwa, sasa linaisha saa sita mchana na wa jioni ni mtu mwingine. Wiki hii nina alfajiri nne. Kinyozi amenihamishia miadi yangu Jumatatu, saa nane mchana, na bado ananiuliza kama anyoe upande mmoja kwanza.